Mshahara wa Ng'ambo: Ni Pesa Ngapi Zinazobaki Mkononi?

Chukua mfano wa familia moja ambayo watoto wawili wamepata kazi ng'ambo katika mwaka mmoja. Dada ni muuguzi, na hospitali ya umma nchini Uingereza imempa barua ya kazi yenye mshahara wa pauni 31,049 kwa mwaka. Kaka amepata kazi ya ulinzi mjini Doha, Qatar, kwa riyali 1,500 kwa mwezi. Jioni hiyo simu inatolewa na hesabu inapigwa. Ya dada inafika karibu shilingi 440,000 kwa mwezi, na ya kaka shilingi 52,500. Kabla chai haijapoa, baba ameshasema kwamba hati ya shamba inaweza kuwekwa rehani kwa mkopeshaji ili kaka apate shilingi 150,000 za ajenti na safari. Deni hilo, kwa hesabu ya baba, litakwisha kwa miezi mitatu.

Familia hii ni ya mfano tu, lakini hesabu ya aina hiyo hupigwa katika nyumba nyingi. Kuzidisha kwenyewe hakuna kosa. Kosa ni kwamba hesabu imeishia kwenye mshahara wa mkataba, na pesa hizo si zile zitakazofika nyumbani. Somo hili linaonyesha hatua zilizobaki, kwa kufuata mikataba hiyo miwili mpaka mwisho. Kwa urahisi, pauni moja ya Uingereza imehesabiwa kuwa shilingi 170, na riyali moja ya Qatar shilingi 35. Msafiri atumie kiwango cha siku yake.

Mshahara mmoja, viwango vitatu

Kila mshahara una viwango vitatu, na vyote vitatu huitwa "mshahara" katika mazungumzo ya kawaida.

Cha kwanza ni mshahara wa mkataba, yaani pesa zilizoandikwa kwenye barua ya kazi kabla ya makato yoyote.

Cha pili ni mshahara wa mkononi, yaani pesa zinazoingia benki baada ya makato. Aliyeajiriwa nchini Kenya anaijua tofauti hii. Hati yake ya mshahara huonyesha ushuru wa PAYE, mchango wa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Nchi nyingine nazo zina makato yao, na kila nchi ina utaratibu wake.

Cha tatu ni baki, yaani pesa zinazosalia baada ya mfanyakazi kulipia malazi, chakula, nauli na simu katika nchi anakofanya kazi. Ni hii baki pekee inayoweza kulipa deni, kusomesha watoto au kujenga. Kwa hiyo swali la kumuuliza ajenti au mwajiri si "wanalipa ngapi?" tu. Swali ni "kila mwezi nitabaki na ngapi?"

Hesabu ya dada: Uingereza

Pauni 31,049 ndizo mshahara wa kuanzia wa muuguzi aliyesajiliwa katika hospitali za umma za England kwa mwaka wa fedha wa 2025/26. Ukigawanywa kwa miezi 12, ni karibu pauni 2,587 kwa mwezi. Makato makuu ni matatu.

- Pensheni ya wafanyakazi wa afya. Kwa mshahara huu ni asilimia 8.3, karibu pauni 215 kwa mwezi.
- Ushuru wa mapato. Pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazitozwi ushuru. Zinazozidi hapo hutozwa asilimia 20, baada ya pensheni kuondolewa. Ni karibu pauni 265 kwa mwezi.
- Mchango wa bima ya taifa. Ni asilimia 8 ya pesa zinazozidi pauni 12,570 kwa mwaka, karibu pauni 123 kwa mwezi.

Jumla ya makato ni karibu pauni 603. Mshahara wa mkononi ni karibu pauni 1,984. Katika kila pauni 100 za mkataba, karibu pauni 23 zimekatwa kabla hajazigusa.

Sasa malazi na maisha. Tuseme dada amepanga chumba katika nyumba anayoishi pamoja na wafanyakazi wengine, kwa pauni 650 kwa mwezi pamoja na umeme na maji. Chakula ni pauni 200, nauli 80, simu 20, na mengineyo 70. Hiyo ni pauni 1,020. Baki yake ni pauni 964, karibu shilingi 164,000.

Ni pesa nzuri, lakini si shilingi 440,000. Kama familia ilikuwa imepanga karo za wadogo zake, matibabu ya nyanya na ujenzi kwa hesabu ya 440,000, dada atajikuta akikopa ng'ambo ili kutimiza ahadi aliyoitoa kabla ya kuondoka.

Baki hiyo pia hubadilika kulingana na mahali. Kodi ya chumba London ni ya juu kuliko miji mingi ya kaskazini mwa England. Anayepanga nyumba nzima peke yake hulipa pia ushuru wa baraza la mji, ingawa mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25. Anayekwenda na mume na watoto huhitaji nyumba kubwa zaidi na pesa za malezi ya watoto wakati yuko zamu, na viza ya kazi kwa kawaida haimruhusu kupokea misaada ya serikali ya kifedha ambayo raia hupata.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuangalia. Wauguzi wengi kutoka nje huanza kwa mshahara wa ngazi ya chini, mpaka wafaulu mtihani wa vitendo na kusajiliwa na baraza la wauguzi la Uingereza. Barua ya kazi ionyeshe mshahara wa kipindi hicho cha kusubiri. Pili, katika mwezi wa kwanza mwajiri akikosa taarifa za ushuru za mfanyakazi, makato yanaweza kuwa makubwa kuliko yanavyostahili. Fomu ya mfanyakazi mpya ijazwe mapema, na hati ya mshahara ikaguliwe kama ina msimbo wa kawaida wa ushuru, ambao kwa watu wengi ni 1257L.

Mwezi wa kwanza ndio mgumu

Mshahara wa kwanza hauji siku ya kufika. Hospitali nyingi hulipa mwisho wa mwezi, na anayeanza kazi baada ya orodha ya malipo kufungwa anaweza kusubiri mpaka mwezi unaofuata. Wakati huo huo, mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti. Kwa sheria ya England ya mwaka 2019, dipoziti ya nyumba za kawaida haipaswi kuzidi kodi ya wiki 5. Kwa chumba cha pauni 650 kwa mwezi, dipoziti hiyo inafika pauni 750.

Kodi na dipoziti ni pauni 1,400. Ukiongeza chakula 200, nauli 80 na nguo za baridi 100, dada anahitaji pauni 1,780 kabla ya kulipwa hata senti. Hizo ni karibu shilingi 302,600. Baadhi ya hospitali hutoa malazi ya wiki za mwanzo au hulipa sehemu ya mshahara mapema. Msafiri aulize kwa maandishi kabla ya kukata tiketi, na aulize kama msaada huo utakatwa baadaye kwenye mshahara.

Hesabu ya kaka: Qatar

Nchini Qatar mshahara hautozwi ushuru wa mapato. Kwa hiyo mshahara wa mkataba na wa mkononi vinaweza kulingana. Hapo ndipo wengi husema, "Huko hakuna makato," na kuacha kuuliza. Lakini makato ya kaka yako mahali pengine.

Kwanza ni malazi na chakula. Tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asiyetoa malazi huongeza riyali 500, na asiyetoa chakula huongeza riyali 300. Kiwango hiki kinawahusu pia wafanyakazi wa nyumbani. Kwa hiyo mkataba wa riyali 1,500 usemeje? Kama ni mshahara wa msingi, na malazi na usafiri ni vya mwajiri, ni kitu kimoja. Kama ni riyali 1,000 za msingi na 500 za malazi, ni kitu kingine kabisa, kwa sababu mfanyakazi atapanga chumba mwenyewe.

Pili ni saa za kazi. Sheria ya kazi ya Qatar inataja saa 48 kwa wiki kuwa kazi ya kawaida, na saa za ziada kulipwa angalau robo zaidi ya mshahara wa msingi wa saa. Walinzi wengi hufanya zamu za saa 12. Kaka aulize: riyali 1,500 ni za saa 8 au za saa 12? Kama ni za saa 12 kila siku, ameuza saa 4 za kila siku bila malipo.

Tatu ni neno "msingi". Malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi, marupurupu hayaingizwi. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa wiki 3 kwa kila mwaka, kwa aliyetimiza mwaka mmoja kazini. Kwa msingi wa riyali 1,500, miaka miwili huleta riyali 2,100, yaani shilingi 73,500. Kwa msingi wa riyali 1,000, ni riyali 1,400 tu.

Tuseme mkataba wa kaka ni mzuri: msingi ni 1,500, malazi na usafiri ni vya mwajiri, na chakula ni chake. Chakula ni riyali 300, simu 60, sabuni, nguo na mengineyo 90. Matumizi ni riyali 450. Baki ni riyali 1,050, yaani shilingi 36,750.

Deni la safari

Sasa irudiwe hesabu ya baba. Mkopo ni shilingi 150,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Kaka anatuma shilingi 36,750. Nyumbani mama anahitaji shilingi 20,000 za chakula na karo. Zinazobaki kwa deni ni shilingi 16,750 kwa mwezi. Tuseme pia miezi miwili ya kwanza inapita bila kutuma kitu, kwa sababu ya kusubiri vibali na mshahara wa kwanza. Riba haisubiri. Katika miezi hiyo miwili deni linapanda hadi shilingi 165,375.

Deni hilo litakwisha mwezi wa 16, na familia itakuwa imelipa zaidi ya shilingi 233,000 kwa mkopo wa 150,000. Mkataba wa kaka ni wa miezi 24. Kwa hiyo theluthi mbili za mkataba zimefanyiwa kazi kwa ajili ya deni na chakula cha nyumbani, na miezi 8 tu imebaki ya kuweka akiba. Akiugua, akifutwa kazi au mshahara ukichelewa kabla ya mwezi wa 16, shamba liko hatarini.

Kama mkopo huo huo ungetoka katika chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, deni lingekwisha mwezi wa 12, na jumla ya malipo ingekuwa karibu shilingi 161,000. Tofauti ni karibu shilingi 72,000. Kiasi hicho kinakaribia kiinua mgongo chote cha kaka cha miaka miwili. Mahali pa kukopa, basi, ni uamuzi mzito sawa na kazi yenyewe.

Hata hizo shilingi 150,000 zinafaa kuchunguzwa. Sheria ya kazi ya Qatar inakataza wakala mwenye leseni nchini humo kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa. Kaka aombe orodha ya kila malipo: pasipoti, cheti cha nidhamu, vipimo vya afya, tiketi, na ada ya ajenti. Kila shilingi iwe na risiti. Malipo ambayo ajenti hawezi kuyaeleza kwa maandishi yasikopewe pesa.

Riyali si moja

Jina la sarafu limewapotosha wengi. Riyali ya Qatar imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa riyali 3.64 kwa dola, na riyali ya Saudi Arabia kwa 3.75. Hizo mbili zinakaribiana. Lakini riyali ya Oman ni kubwa mno: riyali moja ya Oman ni takriban dola 2.60. Riyali 100 za Oman zinazidi riyali 900 za Qatar. Anayelinganisha mikataba ageuze yote kuwa dola au shilingi kwanza.

Shilingi nayo hupanda na kushuka. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu shilingi 129. Baki ya riyali 1,050, ambayo ingefika nyumbani ikiwa zaidi ya shilingi 46,000, ikawa karibu 37,000, bila mwajiri kupunguza hata riyali moja. Anayepanga mkopo wa kulipwa kwa mshahara wa ng'ambo aache nafasi ya mabadiliko kama hayo.

Njia ya kutuma pesa pia hula baki. Tangazo la "kutuma bila ada" lisimdanganye mtu. Tuseme kaka anatuma riyali 1,000. Duka la kwanza halitozi ada lakini linabadilisha kwa shilingi 34.20, na nyumbani zinafika shilingi 34,200. Duka la pili linatoza riyali 15 lakini linabadilisha kwa shilingi 35.20, na zinafika shilingi 34,672. La pili ni bora. Swali la kuuliza dirishani ni moja: shilingi ngapi zitafika upande wa pili?

Karatasi ya hesabu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutia sahihi, msafiri na familia wakae na karatasi moja na kuandika mistari hii kwa sarafu ya nchi anayokwenda:

1. Mshahara wa mkataba kwa mwezi, na ni wa saa ngapi kwa siku.
2. Kati ya huo, mshahara wa msingi ni kiasi gani na marupurupu ni kiasi gani.
3. Ushuru, pensheni, bima na makato mengine yote.
4. Mshahara wa mkononi: mstari wa 1 ukitoa mstari wa 3.
5. Malazi, chakula, nauli, simu, nguo. Kila kimoja kiandikwe nani anakilipia.
6. Baki: mstari wa 4 ukitoa mstari wa 5.
7. Pesa za kujikimu mpaka mshahara wa kwanza.
8. Deni la safari, riba yake kwa mwezi, na mwezi litakapokwisha.
9. Miezi ya mkataba inayosalia baada ya deni kuisha.

Mstari wa 9 ndio wa kuamulia. Mkataba ambao deni lake linakwisha mwezi wa 20 kati ya 24 haufai kuwekewa shamba rehani, hata kama mshahara wake unapendeza.

Kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala na kula kwa mwajiri, mstari wa 5 huwa mfupi na karibu mshahara wote unaweza kuwa baki. Kwake yeye, mambo ya kuandikwa wazi ni tarehe ya malipo, akaunti itakayoingizwa pesa, siku ya mapumziko, na nani atalipa tiketi ya kurudi.

Kabla ya kutia sahihi

- Ajenti athibitishwe. Mamlaka ya kitaifa ya ajira, NEA, ndiyo inayosajili mawakala binafsi wa ajira nchini Kenya, na huchapisha orodha ya waliosajiliwa.
- Mkataba usomwe wote, katika lugha ambayo msafiri anaielewa. Unaotiwa sahihi Kenya na unaotolewa baada ya kufika vilinganishwe mstari kwa mstari.
- Nafasi yenyewe iwe bado ipo. Kwa mfano, tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kutoa viza za kazi kwa wahudumu wapya wa matunzo ya wazee na wagonjwa wanaoomba kutoka nje ya nchi. Ajenti anayeuza viza hiyo leo anauza kitu ambacho hakipo.
- Kifungu cha kurudisha gharama kisomwe. Baadhi ya mikataba humtaka mfanyakazi anayeacha kazi mapema arudishe gharama za kumleta. Kiasi na muda wake viandikwe.
- Nakala za mkataba, pasipoti na risiti ziachwe kwa mtu mmoja wa kuaminika nyumbani.

Familia ya mfano ikikaa tena na karatasi hii, huenda watoto wote wawili bado wakasafiri. Dada ataondoka akiwa na akiba ya mwezi wa kwanza, na wadogo zake watajua kwamba karo itakayowezekana ni ya baki ya pauni 964, si ya pauni 2,587. Kaka atakopa katika chama, atakopa kiasi kilicho na risiti tu, na atajua mwezi ambao pesa zake zitaanza kuwa zake. Na hati ya shamba itarudi sandukuni ilikotoka.